Vifuko vya Fundi Sindano

Siku fundi alipofariki, mapera ya nyuma ya nyumba yalikuwa ndiyo kwanza yamefikia ukubwa wa kidole gumba. Ilikuwa Jumanne ya likizo ya shule, saa tatu asubuhi. Alikunywa chai yake, akatoka kwenda uani na kigoda, akarudi baada ya muda akiwa amebana mkono kifuani, akaketi mbele ya cherehani kibarazani. Mkewe alikuwa jikoni akichambua maharage. Alisikia cherehani ikizunguka mara mbili, tatu, kisha ikanyamaza. Hakushtuka. Cherehani hunyamaza mara nyingi kwa siku: uzi hukatika, mteja huingia, fundi huinuka kutafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake mwenyewe. Alipotoka na ungo kwenda kumwaga takataka za maharage, alimkuta ameegemeza kichwa kwenye mkono wa cherehani, kama mtu anayesikiliza kitu kilichomo ndani yake. Alimwita mara moja tu. Aliposhika shingo yake alijua.

Watu walimwita Fundi Sindano kwa sababu mbili. Kwanza, umbo: alikuwa mwembamba kiasi kwamba akisimama nyuma ya nguzo ya kibaraza wateja walidhani ametoka. Pili, ulimi: hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipochoma, alichoma. Alishona kwa miaka arubaini kwenye kibaraza kile kile, na kwa miaka thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa na mkewe, ambaye alikuwa mpishi wa shule. Mke alitoka nyumbani kabla ya mapambazuko, akarudi alasiri. Yaliyotendeka uani asubuhi hakuyaona, ila siku za likizo, na siku za likizo alikuwa na kazi zake nyingine.

Mpera ulikuwa wa fundi. Ulizaa mara mbili kwa mwaka, na majira ya kuiva yalipofika nyumba nzima ilinukia. Harufu ya pera lililoiva haibishi hodi. Hupita chini ya mlango. Nguo zilizotundikwa kibarazani zilirudi kwa wenyewe zikiwa na harufu ile, na hakuna aliyelalamika isipokuwa karani mmoja aliyedai kuwa suti yake ilimtia njaa ofisini. Fundi alikuwa na kanuni zake. Pera halikatwi kwa kisu, huumwa. Wala halimenywi. "Anayemenya pera anatupa mshahara na kubaki na bahasha," alizoea kusema, akimtazama mkewe, ambaye alipenda kumenya. Yeye alilila baada ya chakula cha mchana, hasa siku ya maharage, kwa chumvi kidogo, ngozi, nyama na mbegu. Mbegu moja ikiingia kwenye pengo lake, aliitafuta kwa ulimi mpaka alasiri, na mteja aliyekuja wakati huo alipimwa kwa ishara.

Jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani ni kwamba mapera yale hayakuwa na funza. Jirani wa upande wa kulia, mwanamke aliyeitwa Bi Redio kwa kuwa habari zote za mtaa zilianzia kwake, alikuwa na mpera pia. Lakini mapera yake ilibidi yapasuliwe na kukaguliwa kama barua yenye mashaka. Alisema kila mwaka kwamba mti wa fundi umebarikiwa. Fundi hakubisha wala hakukubali. Aliokota mapera yaliyoanguka, akayatia kwenye debe, akaenda zake.

Chini ya cherehani, siku ile alipofariki, kulikuwa na sanduku la kadibodi lililojaa vifuko vya chandarua. Kila kimoja kilikuwa kipana kuliko kiganja, chenye marinda kitakoni na kamba mdomoni. Mkewe alivijua. Miaka mingi nyuma alimwona akikifunga kimojawapo juu ya mti, akamuuliza ni vya nini. Fundi akamjibu, "Nawavisha watoto wasipate baridi." Mke alicheka, akaingia ndani, na hakuuliza tena. Alijiambia kwamba kila mwanamume ana mchezo wake. Wengine hucheza karata, wa kwake hushona vifuko.

Msiba ulipoingia, nyumba ilijaa. Masufuria makubwa yaliazimwa kutoka shuleni, na wanawake wakapika na kuosha kwa siku tatu. Siku ya kwanza jioni vitu vya kusugulia vilikwisha. Mmoja wao akamwendea mjane mkekani na kumuuliza kwa sauti ya chini kama kuna matambara. Mjane alikuwa hasikii vizuri kwa kulia. Alinyoosha mkono kuelekea kibarazani na kusema wachukue vile vilivyomo sandukuni. Chandarua husugua vizuri. Kwa hilo waosha vyombo walimsifu. Msiba ulipokwisha, masufuria yalirudishwa shuleni yakimetameta, na vifuko vikatupwa jalalani pamoja na majivu, vimechanika na kunata masizi.

Hakuna aliyekumbuka mti.

Miezi mitatu baadaye mapera yaliiva. Mjane alikuwa amestaafu mwezi uleule, na kwa mara ya kwanza alikuwa nyumbani asubuhi kila siku, akiwa hajui la kufanya na mikono yake. Aliisikia harufu kabla hajatoka kitandani. Akaenda uani, akachuma pera moja la manjano, akaliuma kama marehemu alivyokuwa akiliuma, na ngozi yake. Alitema papo hapo. Nyama ilikuwa imelegea kama uji, na ndani yake funza weupe walikuwa wakiruka. Alichuma la pili, la tatu, la kumi. Yote yalikuwa hivyo. Yaliyoanguka chini yalikuwa yameoza, na wingu la nzi wadogo liliinuka kila alipopita.

Bi Redio alikuja kuona kwa macho yake. Alizunguka mti mara mbili, akapiga kofi na kusema kwamba mti ule uko msibani, umemlilia mwenyewe. Kufikia jioni habari hiyo ilikuwa imefika sokoni. Mjane hakuwa mtu wa kuamini mambo kama hayo, lakini usingizi ulipomkimbia aliliona neno lile si baya. Ilikuwa afadhali kuwa na mwenzake wa kulia.

Katika nyumba ile alikuwemo pia mwanawe wa pekee, fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, pamoja na mkewe. Mkaza mwana huyo alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ya kwanza. Wiki ileile alirudi kliniki uso umemshuka. Muuguzi alikuwa amempima damu akaikuta tisa, naye alitaka ifike kumi na moja kabla ya siku za kujifungua, kwa sababu mama mwenye damu kidogo akitokwa na damu wakati wa kuzaa hana akiba. Akamuuliza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa anavimeza na nini. Akajibu, na chai.

"Chai inakizuia kidonge mlangoni," muuguzi alimwambia. "Kimeze kwa maji, halafu ule tunda lenye vitamini C, ndilo litakalokifungulia. Watu hukimbilia chungwa. Pera moja linalishinda chungwa mara tatu, nne."

Mkaza mwana aliuliza, kwa haya, kama mapera hayamfungi mtu choo, maana vidonge vilikuwa tayari vimemfunga. Muuguzi akasema mabichi ndiyo yenye lawama hiyo; yaliyoiva, yakiliwa na ngozi, na maji ya kutosha, husaidia tumbo. Akaongeza kwamba hasemi pera ni dawa. Dawa ni kidonge. Pera ni mwenzake.

Mjane alisimuliwa hayo yote jioni ile. Alimkumbuka marehemu na pera lake la baada ya maharage. Fundi hakuwahi kwenda darasani kusomea vyakula, lakini alikuwa ameoanisha sawasawa, maharage ya kuongeza damu na pera la kuyafungulia mlango. Na sasa nyumba yenye mpera uliolemewa na matunda ilimtuma mtu sokoni kununua mapera. Ya sokoni yalichumwa mabichi ili yasafirishwe, yakaiva kwa kulazimishwa, magumu upande mmoja na meusi upande mwingine. Mkaza mwana aliyala kwa kufumba macho. Baada ya wiki akaanza kuyatupa kisirisiri, mjane akayaona kwenye ndoo, asiseme kitu.

Mwana ndiye aliyesema. Alisema jioni moja wakiwa mezani, kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kupima kuta. Mtoto anakuja. Nyumba ina vyumba viwili. Pale uani ulipo mpera pangetosha chumba kizuri chenye dirisha.

"Mama, mimi sina ugomvi na mti," alisema. "Lakini sasa unalisha funza tu."

"Ni wa baba yako."

"Baba hayupo, Mama."

Hakulisema kwa ukali. Alikuwa na macho mekundu, na si ya kuchomelea pekee. Mjane alikusanya sahani. Alisema, shingo upande, kwamba kama ni kwa ajili ya mtoto, basi. Mwana akazungumza na mkata miti, wakapatana siku ya Jumamosi.

Mkata miti alikuwa mtu mnene aliyepanda kama paka. Alisema hataanza na shina, maana mti ungelalia paa. Ataanza kwa kupunguza matawi ya juu, kisha ashuke nayo. Mjane alitaka kukaa ndani mpaka kazi iishe, lakini miguu ilimpeleka uani. Chini ya mti palikuwa na kigoda. Kilikuwa pale tangu ile Jumanne. Mvua ilikuwa imekinyeshea na hakuna aliyekiondoa. Alikikalia. Panga lilisikika mara mbili, majani yakaanguka. Kisha panga likanyamaza, na mjane, ambaye alikuwa amejifunza kuogopa vyombo vinaponyamaza, aliinua uso.

"Mama," mkata miti aliita kutoka juu, "huku kuna pera limevaa nguo."

Mjane aliinuka, akashika shina la mti.

"Rudia ulilosema."

"Pera, mama. Limevishwa kifuko. Nilitupe?"

"Usilitupe. Lilete na kijiti chake."

Mkata miti alishuka akiwa ameliuma kwa kamba yake kati ya meno. Kifuko kilikuwa kimechakaa kwa jua, lakini fundo lilikuwa lile la marehemu, fundo ambalo huvutwa upande mmoja tu likafunguka. Mjane alilifungua. Likatoka pera la manjano lisilo na doa, kubwa kuliko ngumi yake, na harufu yake ikafika jikoni, kwa maana mkaza mwana alitoka bila kuitwa. Mjane hakuliuma. Alilipasua kwa vidole. Ndani lilikuwa la waridi, kavu, limeshikana. Alitafuta funza kama mtu anayetafuta kosa kwenye barua aliyotamani iwe ya kweli. Hakuwamo hata mmoja.

Hapo mambo yote yalimjia kwa pamoja, wala hakuhitaji kuelezwa na mtu. Fundi alianza juu siku zote, wakati magoti bado yana nguvu. Asubuhi ile ya mwisho alipanda kigodani, kisha kwenye panda ya mti, akafunga kifuko cha kwanza, kifua kikambana, akashuka. Vingine vyote vilibaki sandukuni.

Mkata miti alifuta panga lake, akauliza kama akate au asikate. Mjane akamwambia aje anywe chai. Akasema yeye hulipwa kwa kukata, si kwa chai.

"Leo utalipwa kwa kushuka," mjane alimjibu.

Vipande vyote viwili vya pera alimpa mkaza mwana, akamletea kidonge na maji ya kunywa. Yeye alibaki na harufu kwenye vidole, na siku ile hakuosha mikono mpaka ilipombidi kupika.

Mwana aliporudi kazini na kuukuta mti umesimama, umepungua matawi mawili tu, alikunja uso. Mama yake alimwita kibarazani, akamwonyesha kifuko kile, akamweleza la pera. Kisha akamwambia lile ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu asubuhi.

"Vilikuwepo vingi, mwanangu. Sanduku zima. Mimi ndiye niliyevitoa viwe vya kusugulia masufuria."

Mwana alikishika kifuko kwa vidole vyake vya chuma, akakigeuza. Alisema yeye alidhani baba alikuwa akipoteza wakati. Alipokuwa mdogo wenzake walimcheka kwamba kwao miti huvaa. Baadaye akasema, "Msimu mmoja, Mama. Mti ukizaa funza tena, mimi nauondoa, wala usinikasirikie." Mjane alikubali. Msimu mmoja ulikuwa mwingi kuliko Jumamosi moja.

Kuoa au kuolewa na fundi si kujua ufundi. Mjane alikuwa ameishi na cherehani ile zaidi ya miaka thelathini, na hakuwahi hata kuingiza uzi kwenye tundu lake. Siku ya kwanza alipokanyaga, gurudumu lilizunguka kinyume na uzi ukasokotana kama nywele za kichaa. Siku ya pili alishona pindo la kanga yake pamoja na chandarua, akainuka nacho. Mkaza mwana alicheka mpaka akashika tumbo, na ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika ndani ya nyumba ile tangu msiba. Vyandarua vilivyotoboka walivikusanya kwa majirani. Bi Redio alileta viwili, kwa sharti la kuambiwa vinakwenda wapi. Akaambiwa, na mtaa mzima ukajua kabla ya jua kuzama.

Halafu kulikuwa na debe. Mjane alimkumbuka fundi, asubuhi za likizo, alivyokuwa akiokota mapera yaliyoanguka, akichimba shimo lenye kina na kuyafukia, na jinsi yeye alivyomtania kwamba anazika paka. Sasa alielewa kwamba kila pera bovu linaloachwa chini ni kiwanda cha nzi. Akachukua debe, akachimba. Mgongo ulimuuma, lakini ulimuuma kwa sababu, na hilo lilikuwa tofauti na maumivu aliyokuwa nayo.

Mti uliokatwa matawi ya juu ulichipua kwa nguvu. Maua yakaja, yakaanguka, na mapera yakatokeza. Yalipofika ukubwa wa kidole gumba, vifuko vilikuwa tayari, mia na themanini, mishono imepinda kama njia ya mchwa. Mjane alipanda kigodani akafunga vya chini. Vya juu alivifunga mwana siku ya Jumapili, bila moyo, huku akisema kwamba kama rafiki zake wa karakana wangemwona wangemwita fundi wa nguo za ndani za miti.

Wiki nyingi zilipita. Mkaza mwana, ambaye tumbo sasa lilimtangulia kila mahali, alipenda kuketi chini ya mti mchana kwa ajili ya kivuli. Siku moja alimwita mkwewe kwa sauti ya taratibu, kama mtu asiyetaka kumshtua mnyama. Akamwonyesha. Mapera yalikuwa yamekua, yamejaza vifuko mpaka chandarua kimebana ngozi. Na pale palipobana, nzi mdogo alikuwa ametua. Aliinamisha mkia wake, akauchomeka katikati ya matundu kutaga mayai, akatulia.

Mjane alikwenda ndani akakitoa kifuko cha marehemu kwenye droo ya cherehani. Alikiweka kwenye kiganja. Yale marinda ya kitakoni! Alikuwa ameyaacha kwa sababu aliyadhani ni urembo, madoido ya mtu aliyezoea kushona magauni. Sasa aliyaona yanavyokitanua kifuko kikasimama mbali na tunda pande zote, kama kioo cha taa kinavyosimama mbali na utambi. Pera halikuguswa. Nzi angetua juu ya chandarua, lakini mkia wake usingefika.

Hakukaa kulia. Alihesabu siku kichwani: mapera yalibakiza kama wiki tatu kuiva, na mkaza mwana alibakiza kama tano. Kesho yake walishona tangu asubuhi, mjane akikanyaga, mkaza mwana akikunja marinda kwa sindano ya mkono na miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya sanduku. Alasiri mjane alipanda kigodani kuvibadilisha. Mwana alipofika kutoka karakana alimkuta mama yake, mwanamke wa miaka sitini, amesimama kwa ncha za vidole juu ya kigoda kilichooza mguu mmoja, mikono imeinuliwa juu, mdomoni ana kamba tano. Alimshika kiuno, akamshusha kama mtu anavyoshusha mtoto, akachukua vifuko, akapanda na ovaroli yake ya kazi. Alifunga mpaka mwanga ulipokwisha. Siku ya pili alirudi nyumbani na ngazi ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, yenye miguu minne na kikapu cha kuwekea vifuko pembeni. Aliisimamisha chini ya mpera na kuitikisa kuona kama inayumba. Haikuyumba.

Mapera yaliiva. Yale yaliyowahiwa na nzi yalikuwa na funza, na yalifukiwa. Mengine, karibu manane katika kila kumi, yalitoka safi. Harufu iliingia ndani kwa njia yake ya zamani, chini ya mlango. Mkaza mwana alikula mawili kila siku, moja na kidonge cha asubuhi, jingine kwa hamu tu. Mwana alilipokea la kwake, akatafuta kisu, akakutana na macho ya mama yake, akakirudisha kisu mahali pake na kuliuma.

Siku ya kwenda kujifungua, damu ya mkaza mwana ilikuwa kumi na moja na nusu. Muuguzi alisema vidonge vimefanya kazi yake na tunda limefanya yake. Mtoto alizaliwa salama, msichana, mwembamba, na Bi Redio alipomwona tu akasema kwamba sindano imerudi sandukuni.

Chumba cha mtoto kilijengwa, lakini si uani. Mjane mwenyewe ndiye aliyesema kibaraza kizibwe kwa matofali. Haikuwa rahisi kwake. Alisimama pale siku matofali yalipopanda mpaka yakaifikia nguzo aliyokuwa akijificha nyuma yake marehemu. Cherehani ilihamishiwa chumbani kwake, kando ya kitanda, upande ambao sasa haulaliwi na mtu.

Mwaka huu mpangaji mpya alihamia jirani. Asubuhi moja alichungulia juu ya ukuta, akaona mapera yanavyoning'inia, akasema wana bahati, mti wao hauna funza, bila shaka ni udongo. Mjane hakubisha wala hakukubali. Alimpa pera moja, akamwambia asilimenye. Kisha akamwambia kwamba Jumamosi wanashona, na kama ana chandarua kilichotoboka, aje nacho.

Sasa, kila mapera yanapofika ukubwa wa kidole gumba, mjane hukaa kwenye cherehani siku nne. Mishono yake bado imepinda. Marinda hayasahau. Mwana hupanda ngazi na kuanza na tawi la juu, na mjukuu, ambaye ameota meno mawili, huketi chini akitafuna kamba. Wapita njia huona matunda tu, na si kosa lao. Ukiona vyaelea, vimeundwa.